MAMA, MUHOGO NA MIGUU YA MTOTO
Maneno yaliyosemwa kwa wamama wakristo juu ya kazi ya unga



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo moja tu, nalo ni unga wa muhogo. Pengine mmoja wenu atacheka moyoni na kusema: "Mtu huyu atanifundisha nini juu ya muhogo? Mama yangu alinifundisha kazi hiyo nilipokuwa mtoto, naye alifundishwa na mama yake." Ni kweli. Sikuja kuwafundisha kazi msiyoijua. Nimekuja kuwaomba msiiache kazi mnayoijua. Maana mahali pengi wamama wameanza kuifanya nusu tu, na watoto wanalipa deni hilo kwa miguu yao.

Na wewe unayesoma maneno haya nyumbani kwako, usiyasome peke yako. Mwite jirani asiyejua kusoma, umsomee. Mume wako naye asikilize, kwani yako maneno yake pia.

1. Muhogo ni rafiki, lakini una siri

Muhogo haukuwa chakula cha inchi yetu tangu mwanzo. Ulitoka Amerika, na Wareno waliuleta pwani ya Kongo katika karne ya 16. Wazee wetu waliupokea kwa furaha, na sababu zao zilikuwa nzuri. Muhogo unaota katika udongo uliochoka. Unavumilia jua. Tena unangoja shambani mwaka mmoja, hata miwili, kama ghala lisilo na mlango. Njaa ikija, mama anachukua jembe na kikapo, na watoto wanapata bukari yao.

Lakini ninyi mnajua kwamba kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu. Wengi wanapenda kupanda ule mchungu, maana mwivi hawezi kuung'oa na kuutafuna njiani, na nguruwe wa pori na nyani hawausumbui sana. Uchungu ule ndio mlinzi wa shamba. Basi, fikiri kidogo. Kinachomfukuza nguruwe ni sumu. Na sumu hiyo haijui kutenganisha nguruwe na mtoto wako.

Sumu inakaa namna gani? Ndani ya muhogo mna vitu viwili, na kila kimoja kinakaa katika chumba chake. Muhogo ukiwa mzima, havikutani. Ukikatwa, ukipondwa, au ukilainika katika maji, vyumba vile vinapasuka, vitu vile viwili vinakutana, na sumu inatoka. Jina lake ni sianidi. Ikiisha kutoka, inakwenda zake katika maji na katika hewa. Ndiyo maana wazee waliloweka, wakaanika, wakatwanga. Kazi hizo zote zilikuwa na shabaha moja: kufungua mlango ili sumu itoke kabla chakula hakijafika kinywani.

Wako wanaosema: "Moto unamaliza kila kitu." Hapana. Ukitia muhogo mchungu mzima katika maji yanayochemka, moto unaharibu upesi kile kitu chenye kufungua mlango. Sumu inabaki ndani, nawe unaila.

2. Ugonjwa unaofunga miguu

Sasa nitawaambia jambo lililotokea katika inchi yetu wenyewe. Mwaka 1938 munganga Trolli aliandika habari za ugonjwa uliowapata watu wa Kwango. Wayaka wa kule waliuita konzo, ni kusema miguu iliyofungwa. Jina hilo ni zuri kwa ubaya wake. Mtoto analala akiwa mzima, alicheza jioni pamoja na wenzake. Asubuhi anataka kusimama, miguu yote miwili imekaza kama miti. Anaanguka. Wengine wanapata nafuu kidogo, wanatembea kwa vidole vya miguu, magoti yakigusana. Wengine wanatembea kwa fimbo. Wengine hawatembei tena, wanajikokota chini.

Ugonjwa huu hauui upesi, wala hauongezeki siku kwa siku. Lakini haurudi nyuma. Hakuna dawa ya kuifungua miguu ile. Tena unachagua watu wake: unashika zaidi watoto na wamama walio katika miaka ya kuzaa.

Msiseme: "Kwango ni mbali." Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula inchini Msumbiji, jua kali liliharibu mashamba, ukabaki muhogo mchungu tu, watu zaidi ya 1000 walishikwa miguu. Ugonjwa huu umeonekana Tanzania pia. Na huku kwetu mashariki, waganga wameukuta Burhinyi, katika Kivu ya Kusini. Basi hauko mbali.

Pahali pengi, mtoto akishikwa hivi, watu wanatafuta mchawi. Wanamtazama bibi kizee wa jirani, au mke mwenza, au shemeji aliyegombana na baba juu ya shamba. Nyumba mbili zinachukiana miaka mingi, na muhogo ule ule unaendelea kulowekwa usiku mmoja tu. Mama mkristo, usimshitaki jirani yako kwa kosa la sufuria yako. Kabla hujatafuta mchawi, hesabu siku ambazo muhogo wako umekaa majini.

3. Kwa nini kazi imefupishwa

Mama hataki kumwumiza mtoto wake. Kwa nini basi anafupisha kazi? Nitawaambia sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni njaa. Jua likikaa sana, mvua ikichelewa, akiba imekwisha. Mama anang'oa muhogo asubuhi, na watoto wanalia jioni. Hawezi kungoja siku tatu. Na hapa pana hila mbaya: wakati wa jua kali muhogo wenyewe unaongeza sumu yake. Wakati ule mama anapofanya haraka kuliko siku zote, ndio wakati muhogo unapokuwa mkali kuliko siku zote.

Sababu ya pili ni feza. Kule Bandundu zamani waliloweka muhogo siku tatu au zaidi. Njia kubwa ya motokari ilipofunguliwa mpaka Kinshasa, wanunuzi walikuja wengi, wakitaka mihogo upesi. Wamama wakaanza kuloweka siku mbili, kisha siku moja. Magunia yalijaa, feza ikaingia, na konzo ikaingia nyuma ya feza. Waganga waliofanya utafiti kule waliandika habari hizo mwaka 1992.

Wala simkemei mama mwenye kutafuta feza. Feza ya muhogo ndiyo inayolipa masomo ya watoto, chumvi, sabuni na nguo ya kwenda nayo kanisani. Lakini fanyeni hesabu vizuri. Siku mbili ulizoziokoa zitakupa feza ya gunia moja. Mtoto asiyetembea utambeba mgongoni miaka mingapi?

4. Kazi ya unga, tangu shamba mpaka chunguo

Sikilizeni sasa kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza: menya muhogo. Ganda lake lina sumu nyingi, lisibaki hata kidogo.

Pili: loweka siku tatu kamili, afazali nne. Ukitia muhogo majini siku ya kwanza asubuhi, usiutoe kabla ya siku ya nne asubuhi. Kule milimani, penye baridi, ongeza siku, maana maji ya baridi yanafanya kazi polepole. Bonyeza kwa kidole: muhogo ulioiva majini unalainika mpaka katikati na nyuzi zake zinatoka. Kama katikati ni mgumu bado, urudishe majini. Usitazame uso wake tu, vunja moja uone.

Tatu: loweka katika maji ya kutosha yanayoufunika muhogo wote. Shimo la kulowekea lisiwe pale mnapoteka maji ya kunywa, wala lisiwe juu yake mtoni.

Nne: toa nyuzi, vunja vipande vidogo, anika juani juu ya mkeka safi au juu ya kichanja, si chini mahali kuku na mbuzi wanapopita. Anika mpaka kipande kikivunjwa kinalia. Muhogo ulioanikwa nusu unashika ukungu.

Tano: twanga na kuchekecha, kisha weka unga katika chombo chenye kifuniko.

Mtauliza: "Na siku ya posho ni siku ya soko, muhogo usipokuwa tayari, nitauza nini?" Dawa yake ni kupanga kazi. Chimba mashimo mawili, si moja. Muhogo utakaouuza juma hili uwe ulitiwa majini juma lililopita. Shimo moja likiwa tupu, lingine limejaa. Mara ya kwanza utachelewa juma moja tu. Kisha kila soko litakukuta na mzigo wako. Na nyumbani weka akiba ya unga wa juma moja usioguswa na mnunuzi. Akiba ile ndiyo itakayokuokoa jioni ya njaa, usilazimishwe kupika muhogo wa usiku mmoja.

5. Kama unga umenunuliwa, au huuamini

Pengine unga umetoka sokoni, nawe hukuona ulivyolowekwa. Kuna njia rahisi iliyotengenezwa na Bradbury, mtu wa elimu wa Australia. Njia hiyo ilitumiwa katika kijiji cha Kay Kalenge, upande wa Popokabaka, tangu mwaka 2010, na wamama wa kule waliipenda, maana haiombi kitu ila maji na saa chache. Fanya hivi:

Tia unga mkavu katika beseni, uusawazishe bila kuushindilia. Weka alama ndani ya beseni pale unga unapofika. Ongeza maji kidogo kidogo huku unakoroga. Kwanza unga utashuka, kisha utaanza kupanda. Ukirudi kwenye alama yako, acha maji. Mwaga unga ule wenye maji juu ya mkeka au sahani pana, uutandaze uwe mwembamba, usipite unene wa kidole. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini. Sumu inatoka na kwenda hewani. Kiisha, songa bukari yako siku hiyo hiyo. Usiuweke unga ule mpaka kesho, utaharibika.

Kama saa za mchana ni za shamba, tandaza unga kabla ya kwenda, ndani ya nyumba, mahali kuku hawafiki. Ukirudi, unga uko tayari. Kazi inafanyika huku wewe unalima.

6. Bukari haitoshi peke yake

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Mwili wa mtu una nguvu ya kuishinda sumu kidogo ya muhogo. Lakini nguvu hiyo inatoka katika mboga: samaki, ndagala, nyama, mayai, maharagi, karanga, na viwavi wanaoliwa. Mtu anayekula bukari ya muhogo na majani tu, siku zote, mwili wake hauna silaha. Ndiyo maana konzo inapiga nyumba maskini, zisizo na samaki wala maharagi.

Basi kila jioni jiulize: "Leo pembeni ya bukari niliweka nini?" Kikombe kimoja cha ndagala kavu kinaweza kutosha nyumba nzima. Panda maharagi na karanga katikati ya mistari ya muhogo ungali mdogo; udongo utafurahi na sufuria itafurahi. Fuga kuku, na yai moja moja lisiende lote sokoni. Changanya unga wa muhogo na unga wa mahindi, sumu itapungua katika sahani.

Sombe nayo ni mboga nzuri, ina nguvu kwa damu na kwa macho. Lakini majani ya muhogo yana sumu vile vile. Yaponde sana katika kinu, kisha yachemshe katika maji mengi, sufuria ikiwa wazi. Tia mawese mekundu, maana yanalinda macho ya mtoto. Badili na matembele na lengalenga.

Na chumvi? Nunua chumvi yenye iyodi. Sumu ya muhogo inazuia iyodi kufanya kazi yake mwilini, ndipo shingo inavimba. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa la Kivu, waganga waliona watu wengi wenye uvimbe huo, na baada ya mwaka 1960 walionyesha kwamba muhogo ulikuwa mmoja wa sababu zake. Mama mwenye mimba akikosa iyodi, akili ya mtoto inaweza kuharibika kabla hajazaliwa. Weka chumvi katika chombo chenye kifuniko, uitie chunguni mwisho wa kupika.

7. Mtoto anayeachishwa maziwa

Mtoto wa miezi sita ya kwanza chakula chake ni maziwa ya mama tu. Baada ya hapo umwanzishie uji, lakini usiache kumnyonyesha mpaka atimize miaka miwili. Na uji ule usiwe wa muhogo peke yake. Muhogo unajaza tumbo lakini haujengi mwili. Mtoto anaonekana mnene, mama anafurahi. Kumbe ni uvimbe. Miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu na chache, ngozi inabanduka, naye hachezi tena. Ugonjwa huo unaitwa kwashiorkor. Munganga mwanamke, Cicely Williams, aliuandika mwaka 1933 katika inchi inayoitwa sasa Ghana. Unampata hasa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa sababu mdogo wake amezaliwa.

Mpe uji wa mahindi, utie karanga zilizokaangwa na kusagwa, au unga wa soya, au maharagi yaliyopikwa na kupondwa. Siku nyingine saga ndagala mbili au tatu, uzitie ndani. Mlishe mara nyingi kidogo kidogo, katika sahani yake mwenyewe. Mtoto mdogo akila na wakubwa katika sahani moja, mikono ya wakubwa ni myepesi kuliko yake.

Na kama mtu yeyote wa nyumba, saa chache baada ya kula muhogo, anatapika, anasikia kizunguzungu, kichwa na tumbo vinauma, usimlaze ukisema itapita. Mpeleke lopitali upesi, umwambie munganga alikula nini. Unga uliobaki usiupike tena.

8. Neno kwa baba

Baba, wewe uliyekaa huko nyuma, neno hili ni lako. Mke wako anatoka shambani na mtoto mgongoni, kuni kichwani, na mtungi unamngoja. Kisha unauliza kwa nini bukari imechelewa. Mara ngapi kazi imefupishwa kwa sababu ya uliza yako? Chimba wewe lile shimo la pili. Beba wewe mzigo wa muhogo mpaka mtoni. Ukipata feza, nunua ndagala kabla ya kununua pombe. Na mboga ikiwa kidogo, nyama yote isiingie katika sahani yako. Miguu ya baba imekwisha kukomaa. Ya mtoto ingali inajengwa.

9. Neno la mwisho

Labda katika nyumba yako konzo imekwisha kupita. Labda mtoto wako amekaa mlangoni, anawatazama wenzake wanakimbia. Mama, usimfiche. Si laana, wala si adhabu ya Mungu. Mtengenezee fimbo nzuri, umpeleke masomo, mfundishe kazi ya mikono. Kwa wadogo zake, loweka muhogo vizuri, na ongeza mboga. Uchungu wa yule mmoja uwe ulinzi wa wengine.

Mnapokaa kula jioni, mnafanya ishara ya kusali na kumwomba Mungu akibariki chakula. Ni vema sana. Lakini sala ile inaanza mapema zaidi. Inaanza siku ya kwanza asubuhi, pale unapotia muhogo majini. Inaendelea siku ya pili unapousikia mnunuzi anapita njiani akiita, nawe unauacha majini. Inaendelea siku ya tatu. Hakuna mtu anayekuona pale mtoni, wala hakuna atakayekusifu. Ila siku moja utamwona mtoto wako anakimbia kukupokea njiani, atashika kikapo chako, naye hatajua kwamba miguu ile ulimpa mara mbili: mara moja ulipomzaa, na mara moja ulipongoja siku tatu.

Basi, wamama, nendeni salama. Na kesho asubuhi, kabla ya kwenda shambani, tazameni shimo la muhogo, mhesabu siku.